Faust ya Gounod: uchukue rekodi ya 1930 au ya 2019?

Swali la msomaji: "Naimba besi katika kwaya ya parokia hapa Lubumbashi, na Kifaransa nakielewa vizuri. Nataka kuijua opera ya Faust ya Gounod kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini kwa sasa naweza kununua rekodi moja tu. Nimeona ya 1930 inauzwa kwa bei ya chini sana na ya 2019 kwa bei ya juu. Rafiki yangu anasema ya zamani ni kelele tupu. Nasikiliza kwa simu na spika ndogo, na mara nyingi nikiwa ndani ya basi. Nichukue ipi?"

Ndugu msomaji, chukua ya 1930, ila usichukue nakala ya kwanza utakayokutana nayo. Ukijaliwa fedha nyingine baadaye, nunua na hiyo ya 2019. Usafi wa sauti yake si sababu ya kuinunua. Sababu ni kwamba Faust iliyomo humo siyo ile inayojulikana na watu wengi, na hilo muuzaji hatakwambia.

Opera hii ya Mfaransa Charles Gounod inamhusu Faust, msomi anayejiuza kwa shetani Méphistophélès na kumpenda msichana Marguerite. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 19 Machi 1859 katika Théâtre Lyrique, Paris. Wakati huo waimbaji walikuwa wakiimba, kisha wakizungumza, kisha wakiimba tena, kama ilivyo katika mchezo wa kuigiza wenye nyimbo. Mwaka uliofuata mazungumzo yaliondolewa, na mahali pake Gounod akaweka maneno ya kuimbwa. Mwaka 1864, kwa ajili ya maonyesho ya London, alimtungia baritoni Charles Santley wimbo wa Valentin, kaka wa Marguerite, ule tunaoujua leo kama "Avant de quitter ces lieux", kwa kuchukua melodi iliyokuwa tayari ndani ya utangulizi wa opera. Mwaka 1869 kazi ikahamia Opéra ya Paris, na kwa kuwa desturi ya nyumba ile ilidai baleti, baleti ikaongezwa katika tendo la tano. Karibu kila rekodi ya karne ya 20 imejengwa juu ya umbo hilo la 1869, kila moja ikiwa na vipande ilivyovikata.

Rekodi uliyoiona ya 2019 ni ya Christophe Rousset na kundi lake la Les Talens Lyriques, iliyonaswa Paris mwaka 2018 kwa ala za zama za Gounod. Benjamin Bernheim ni Faust, Véronique Gens ni Marguerite, Andrew Foster-Williams ni Méphistophélès. Rousset amerudi kwenye muziki wa mwanzo kabisa, kabla ya marekebisho yote hayo. Mazungumzo yamo. Katika tendo la kwanza wanafunzi wa Faust, Siebel na Wagner, wanaimba naye wimbo wa watatu ambao rekodi nyingine zimeuacha. Valentin na dada yake wana wimbo wa kuagana. Lakini "Avant de quitter ces lieux" haumo, na wewe mwimbaji wa besi hutaukuta "Le veau d'or". Mahali pake Méphistophélès anaimba wimbo mwingine, wa mdudu, "Maître Scarabée". Ukianza na rekodi hii utakariri opera ambayo hutaiona kwenye jukwaa la kawaida, na wimbo ambao kila mwenye sauti ya besi huulizwa kuuhusu hutaujua.

Sasa hiyo ya 1930. Kiongozi wa okestra ni Henri Büsser, aliyezaliwa 1872 na kumfahamu Gounod mwenyewe. Faust ni César Vezzani, mzaliwa wa Corsica; Marguerite ni Mireille Berthon; Valentin ni Louis Musy; Méphistophélès ni Marcel Journet. Journet alizaliwa 1868, kwa hiyo alikuwa amefika miaka 60 na ushee alipoimba mbele ya maikrofoni hiyo. Sauti ina mikwaruzo ya umri, lakini maneno yametoka yote. Waimbaji hawa walikulia katika jukwaa la Kifaransa, na kwao neno na noti vilikuwa kitu kimoja. Kwa mtu anayekielewa Kifaransa kama wewe, hiyo ni zaidi ya nusu ya thamani ya rekodi.

Chukua wimbo wa Faust bustanini, "Salut! demeure chaste et pure". Noti ya juu kabisa, do ya juu ya tenori, imewekwa kwenye neno "présence". Silabi ya pili ya neno hilo ina irabu ya puani. Mwimbaji anayeijua lugha huifungua ile irabu na kuishikilia wazi, kisha huipeleka puani mwishoni tu, na silabi ya mwisho huigusa kwa wepesi bila kuisukuma. Asiyeijua hufanya mojawapo ya mambo mawili: huipeleka puani mapema, sauti ikabanwa juu kabisa, au huigeuza kuwa "a" ya Kiitaliano, sauti ikatoka nzuri sana ila neno likawa limekufa. Sikiliza pia "pure" mwishoni mwa mstari wa kwanza: ile "e" ya mwisho inapaswa kusikika kidogo tu, kama pumzi. Waimbaji wa 1930 wanaizungusha "r" kwa ncha ya ulimi, kwa hiyo usishangae ukisikia Kifaransa kisichofanana na cha redioni. Hayo ndiyo yalikuwa matamshi ya jukwaani.

Hapa ndipo wengi hupotea wanapopanga rekodi kwa tarehe tu, wakidhani kila mwaka unaoongezeka unaleta ubora zaidi. Kuanzia miaka ya 1960 kampuni kubwa zilikusanya nyota kutoka kila pembe ya dunia. Rekodi ya Richard Bonynge ya 1966 ina Joan Sutherland, Franco Corelli na Nicolai Ghiaurov: mwanamke wa Australia, Mwitaliano na Mbulgaria. Sauti zao ni za kutikisa ukumbi, ila Kifaransa cha Corelli kitakuchekesha wewe wa Lubumbashi kuliko kitakavyokufurahisha. Ile ya Georges Prêtre ya 1978, yenye Plácido Domingo, Mirella Freni na Ghiaurov tena, ina okestra nzuri na sauti nzuri, lakini maneno yanabaki nyuma ya sauti. Kisha anakuja Rousset na waimbaji wanaotamka, okestra isiyowafunika, na tenori anayeweza kuchanganya sauti ya kifua na ya kichwa kwenye noti za juu. Kwa mtindo, ya 2019 iko karibu na ya 1930 kuliko ilivyo karibu na ya 1978. Ukipata zote mbili utalisikia hilo wewe mwenyewe.

Tuje kwenye kelele. Rafiki yako ana haki kidogo, lakini lawama si ya 1930. Kabla ya 1925 muziki ulinaswa kwa pembe: waimbaji walijibana mbele ya mdomo wa pembe kubwa, na mara nyingi tuba ilichukua nafasi ya besi za nyuzi, kwa sababu pembe haikuweza kuzinasa sauti zao nzito. Faust ya Büsser ni ya zama za maikrofoni. Okestra inasikika kama okestra, ingawa juu ya hezi 5,000 hivi hakuna kitu kingi. Tatizo linaanza baadaye, pale santuri zilipogeuzwa kuwa faili. Rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 haki zake za mtayarishaji zimeisha katika Umoja wa Ulaya, kwa hiyo yeyote mwenye santuri na kompyuta anaweza kuuza nakala yake. Ndiyo maana bei iko chini, na ndiyo maana nakala moja inaweza kuwa kazi ya fundi aliyesafisha upande kwa upande, na nyingine ni nakala ya nakala. Bei haikwambii ipi ni ipi. (Marekani sheria ni nyingine, na rekodi za 1930 zinalindwa hadi mwisho wa 2030, kwa hiyo duka lenye makao huko linaweza kukosa kabisa kitu ambacho duka la Ulaya linacho.)

Karibu kila duka hukuruhusu kuonja sekunde 30 au zaidi za kila wimbo. Zitumie hivi.

Kwanza, tafuta "Il était un roi de Thulé", wimbo wa Marguerite katika tendo la tatu. Okestra imetulia, kwa hiyo kila kasoro inajitokeza. Sikiliza maneno "souvenir" na "ciselé". Sauti ya "s" iko juu sana, pale pale ilipo mikwaruzo ya santuri. Fundi mvivu huchuja mikwaruzo yote, na "s" inaondoka nayo. Marguerite anabaki na kitembe, na sauti yake inakuwa ya mtu aliyefunikwa blanketi. Nakala nzuri ina mvumo hafifu usiobadilika. Masikio yako yatausahau baada ya dakika chache, lakini "s" iliyofutwa hairudi. Ukisikia ukimya mtupu kati ya vifungu vya wimbo katika rekodi ya 1930, usinunue.

Pili, kagua kimo cha sauti. Santuri za zamani hazikukatwa zote kwa mizunguko 78 kwa dakika. Iliyokatwa kwa 74 ikichezwa kwa 78, kila kitu hupanda kwa karibu nusu toni nzima na mwendo huongezeka kwa zaidi ya asilimia 5. Soprano anakuwa mtoto, na besi anakuwa baritoni. Weka programu ya kupimia sauti kwenye simu nyingine, au tumia kinanda cha kanisani. Wimbo wa vito, "Ah! je ris de me voir", uko katika ufunguo wa mi kubwa na unaanza na mtetemo mrefu kwenye noti ya "si". Ukikuta do, nakala inakimbia. Usishtuke ukikuta sauti imeshuka kidogo tu: mwaka huohuo wa 1859 Ufaransa iliweka kwa sheria noti ya "la" kwenye hezi 435, ambayo iko chini ya 440 ya leo kwa takriban sehemu ya tano ya nusu toni. Na usitumie "Salut! demeure" kwa kipimo hiki. Umeandikwa katika la bemoli kubwa, lakini matenori wengi huomba ushushwe kwa nusu toni ili kuikwepa ile do, na utaisingizia santuri kosa lisilo lake. Wimbo wa vito haushushwi mara nyingi.

Tatu, viungo. Upande mmoja wa santuri kubwa ulibeba dakika nne na nusu hivi, kwa hiyo opera ya saa tatu ingehitaji pande kama 40, na kila upande ulipoishia muziki ulikatwa. Fundi mzuri huunganisha pande bila wewe kujua. Chagua wimbo wa wawili bustanini, ambao hauwezi kutosha upande mmoja, uusikilize wote kama duka linaruhusu. Ukikuta pengo katikati ya sentensi, au mvumo wa nyuma unabadilika ghafla, utakutana na hilo tena na tena hadi mwisho.

Nne, kimbia nakala yoyote iliyoandikwa kwamba mono (sauti ya mkondo mmoja) imegeuzwa kuwa stirio (ya mikondo miwili). Hakuna kilichoongezwa isipokuwa mwangwi.

Ukipata nakala inayopita vipimo hivi, nenda moja kwa moja kwenye wimbo wa Méphistophélès chini ya dirisha la Marguerite, "Vous qui faites l'endormie". Mwishoni kuna kicheko kilichoandikwa kwa noti, kinachoanzia sol ya juu na kushuka hadi sol ya chini. Mabesi wengi hukifanya kicheko cha shetani wa sinema. Journet anakiimba: kila noti iko mahali pake, na kejeli imo ndani ya sauti bila kuongezewa kitu. Kwa mwimbaji wa kwaya hilo ni somo la bure, kwa sababu utaona namna pumzi inavyoweza kugawanywa kati ya kucheka na kuimba bila koo kubana.

Kuhusu vifaa vyako, habari ni njema kuliko unavyodhani. Santuri ya 1930 haina tofauti kubwa kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, desibeli 30 hadi 40 hivi. Rekodi ya dijitali inaweza kuzidi 90. Ndani ya basi, ile ya 2019 itakutesa: utapandisha sauti ili usikie Marguerite akinong'ona, kisha kwaya ikiingia utaruka kwenye kiti. Ya 1930 itapita juu ya injini bila kuguswa. Spika ndogo nayo haiumizi rekodi ya mono, mradi utumie spika moja na si mbili. Ukivaa spika za masikioni, sauti ya mono hukaa katikati ya kichwa na kuchosha. Baada ya tendo moja pumzika. Mvumo nao husikika zaidi masikioni kuliko kwenye spika iliyo mbali nawe kidogo.

Kwa upande wa bando: saa tatu kwa kiwango cha kilobiti 128 ni kama MB 173, na kwa 320 ni kama MB 432. Kwa santuri ya mono ya 1930 kiwango cha chini kinatosha, na hutasikia tofauti. Kwa Rousset chukua cha juu, au faili iliyobanwa bila kupoteza ubora (kama FLAC) ukiweza, ambayo inaweza kukaribia GB 1. Kabla ya kuanza, nenda kwenye mipangilio ya programu ya muziki, uzime uchanganyaji wa nyimbo na uwashe uchezaji usio na pengo. Baadhi ya programu huweka kimya kidogo kati ya faili na faili, na opera hukatwa vipande vingi. Watu wengi huilaumu rekodi kwa kosa hili la simu.

Ikiwa kila nakala ya 1930 unayoiona imechujwa hadi kufa, usilazimishe. Nenda kwa André Cluytens, aliyeinasa Faust mara mbili na okestra ya Opéra ya Paris: 1953 kwa mono na 1958 kwa stirio, mara zote mbili na Nicolai Gedda, Victoria de los Ángeles na Boris Christoff. Gedda alikuwa Mswidi na de los Ángeles Mhispania, lakini Kifaransa chao ni safi, na wimbo wa vito unavyotoka kwa de los Ángeles utaelewa kwamba msichana yule anashangaa kweli. Christoff ni suala jingine. Anaimba kwa nguvu za ajabu, ila ni kana kwamba Boris Godunov, mfalme wa opera ya Kirusi, amepotea njia akaingia Paris. Ya 1958 ndiyo ningempa mtu asiyejua Kifaransa na asiyevumilia mvumo hata kidogo.

Kuna na sababu ya kikwaya. Kama mpango wako ni kuwafundisha wenzako "Gloire immortelle de nos aïeux", kwaya ya askari katika tendo la nne, rekodi ya 1930 haitakusaidia: sauti za wanaume wengi zimeshikamana, na kutenganisha tenori ya pili na besi ya kwanza ni kazi ya kubahatisha. Kwa hilo tafuta ile ya Michel Plasson ya 1991, ya Toulouse, ambamo wameitwa waimbaji wa kwaya ya jeshi la Ufaransa. Pia ina baadhi ya vipande vilivyotupwa, vikiwa vimewekwa mwishoni kama nyongeza, na Méphistophélès wake ni José van Dam, Mbelgiji anayetamka kila herufi. Huna haja ya kuinunua yote. Maduka mengi huuza wimbo mmoja mmoja.

Kabla ya kulipia rekodi yoyote yenye umbo la 1869, soma orodha ya nyimbo na utafute majina mawili ya tendo la nne: "Il ne revient pas", wa Marguerite akiwa kwenye gurudumu la kusokotea nyuzi, na "Si le bonheur", wa Siebel. Hivyo ndivyo vya kwanza kukatwa. Vikikosekana, jua umenunua Faust iliyopunguzwa, na bei iendane na hilo. Tazama pia kama tukio la kanisani limewekwa kabla au baada ya kifo cha Valentin. Matoleo ya noti hutofautiana, na ukifuatilia kwa kitabu chenye mpangilio mwingine utadhani faili zako zimechanganyika.

Utakapokuwa ukitafuta ya 1930 utaiona pia ya Pathé iliyoongozwa na François Ruhlmann, ya mwaka 1912 hivi. Iache kwa sasa. Ni ya zama za pembe, na Pathé walinasa kwanza kwenye silinda kubwa kisha wakanakili kwa mashine hadi kwenye santuri, kwa hiyo mngurumo wa mashine umeingia ndani ya muziki tangu kiwandani. Hakuna fundi atakayeutoa wote. Baadhi ya santuri za kampuni hiyo utazisikia bila malipo kwenye Gallica, hazina ya mtandaoni ya maktaba ya taifa ya Ufaransa, na hapo unaweza kuonja uone kama masikio yako yanaistahimili kabla ya kutoa hela.